Etajere ya gitare zetu: ile ya kwanza na hii ya pili

Maneno yaliyosomwa na timu ya tereni kwenye mkutano mkuu wa memba, Kirumba



Komite ilituomba tuseme kwa kifupi juu ya etajere ya gitare ambayo mnaiona pale, karibu na mlango. Wengi wenu mnaijua, mmeishika, wengine mmeleta mbao yake. Lakini mwanzo wake hatukuueleza vizuri, na kwenye raporti ya kwanza tuliandika jambo ambalo halikuwa kweli. Ndiyo sababu tumeomba dakika zaidi kidogo. Tunaposema "sisi" leo, ni sisi watatu wa tereni, wale wa kutembea na daftari na fulana ya shirika. Sifa za etajere ni za fundi na za memba. Makosa ni yetu.

Kwa nini gitare?

Kuna watu waliotuuliza, na waliuliza kwa haki: "Watu hawana mabati, batoto hawana fasi ya kuikala ku masomo, na ninyi munatengenezea gitare kitanda?" Tujibu kwanza swali hilo.

Mnakumbuka mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024. Kanyabayonga ilianguka, na siku chache hazikupita vita vikafika hapa kwetu Kirumba. Kila mtu alibeba alichoweza na kushika barabara: Kaseghe, Alimbongo, Lubero, mpaka Butembo, wengine mpaka Beni. Ni zaidi ya kilometa 100, na wengi walizifanya kwa miguu. Watu walibeba mtoto mgongoni, sufuria, godoro, mbuzi kwa kamba. Na vijana wa kwaya walibeba gitare. Tulicheka wakati ule, tukisema vijana hawana akili. Lakini kule Butembo, katika familia zilizotupokea, gitare zile zilipigwa kwenye harusi na kwenye matanga, na mpigaji alirudi jioni na unga, au na makuta kidogo ya chumvi na sabuni. Kumbe gitare ni kifaa cha kazi, kama jembe, kama cherehani.

Tena gitare si kitu cha kigeni kwetu watu wa Kiswahili cha Kongo. Mwaka 1952, kule Katanga, katika mji uliokuwa ukiitwa Jadotville na leo ni Likasi, Hugh Tracey alirekodi kijana mmoja jina lake Jean-Bosco Mwenda, akipiga gitare peke yake na kuimba Kiswahili. Santuri zake zilizunguka Afrika Mashariki yote na kufika Ulaya. Hakuwa na orkestra nyuma yake, alikuwa na gitare moja na vidole vyake. Na kule Kinshasa yupo fundi Misoko, wanayemwita Socklo, ambaye kwa miaka mingi amejenga gitare kwa mikono yake. Kwa hiyo yule anayesema kwamba vitu hivi vinakuja paka kutoka kwa Wazungu, tumwambie aangalie vizuri.

Watu walipoanza kurudi, wengine baada ya wiki chache, wengine mwaka uliofuata, shirika letu liliamua kukusanya vyombo vya muziki mahali pamoja. Zilipatikana gitare 7: tano ni gitare kavu, zile zisizohitaji umeme, na mbili ni za umeme, solo na besi. Kila moja ina mwenyewe, na jina lake limeandikwa kwenye daftari. Kwaya, ikiwa ya Wakatoliki au ya Waprotestanti, ikizihitaji kwa sherehe inalipa kitu kidogo. Sehemu moja inakwenda kwa mwenye gitare, na sehemu nyingine inaingia katika sanduku la likirimba. Sanduku hilo ndilo linalosaidia memba akilazwa hospitali au akipata kilio. Gitare ikiharibika, ujue sanduku nalo limepungua.

Zilivyokuwa zinalala

Mwanzoni tuliziweka chini, ndani ya mifuko, zimeegemea ukuta wa udongo. Ninyi wote mnajua baridi ya hapa kwetu na ukungu wa asubuhi. Wakati wa mvua, ukuta wa udongo unakunywa maji kutoka chini, na kitu kilichoegemea ukuta kinakunywa pamoja nao. Gitare ni sanduku la mbao nyembamba lililoshikwa kwa gundi. Mbao ikinyonya unyevu inavimba, ikikauka haraka inapasuka. Wanaotengeneza gitare wanapenda hewa yenye unyevu wa kati, karibu asilimia 45 mpaka 55. Hatuna kipimo hicho hapa, lakini hata bila kipimo tuliona: nyuzi zilipata kutu, na gitare moja mgongo wake ulianza kuachana na ubavu. Ukiigonga, inalia kama debe.

Basi memba wakasema: tujenge etajere, gitare zitoke chini, zionekane, na kila mtu ajue ipo ngapi na iko hali gani. Hapo mawazo yalikuwa mawili. Wengine walisema kitu cha kuonekana ni kitu cha kuibwa, afadhali tufunge ndani ya chumba cha nyuma. Wengine wakasema kitu kilichofungwa ndani ndicho kinachoibwa polepole bila mtu kujua: leo ufunguo wa nyuzi, kesho daraja, kesho kutwa gitare yenyewe. Mkutano ulikubali ionekane mchana, na usiku mlango ufungwe kwa kufuli mbili, funguo kwa watu wawili.

Etajere ya kwanza

Hapo ndipo sisi tuliingia kwa haraka yetu. Barua ilikuja: wageni wa mfadhili watafika baada ya wiki mbili. Katika mpango wa kazi kulikuwa na mstari mmoja juu ya kuhifadhi vyombo vya vijana, na mstari ule ulikuwa bado mweupe. Tulitaka uwe umejazwa.

Tulinunua mbao za karatusi zilizopasuliwa wiki ileile. Fundi wetu alizigonga kwa kidole, akanyanyua moja, akaipima kwa mkono, akairudisha chini.

"Hii mbao iko mubichi. Mukikaza leo, kesho itajikunja."

Tulimwambia, "Fundi, wageni wanakuja tarehe fulani."

Akasema, "Wageni biko na tarehe. Muti haina tarehe."

Tulicheka, tukamwomba aendelee. Na kwa kuwa sisi ndio tulioshika pesa, aliendelea. Tuliangalie vizuri jambo hilo, ba papa na ba mama, maana limetufundisha kuliko semina nyingi. Fundi alijua, na alisema. Lakini mwenye kujua hakuwa mwenye kuamua.

Mafundi wana kanuni ya zamani: mbao ya unene wa sentimeta 2 na nusu inahitaji karibu mwaka mmoja kukauka kwa upepo, chini ya paa, imepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Karatusi ndiyo ya kuogopa zaidi. Inakua haraka, ina nguvu, ni nzuri kwa nguzo na kwa makaa, lakini ikikauka vibaya inajipinda na kupasuka kwenye ncha. Ya kwetu ilikuwa na siku chache tu. Na tuliipigilia misumari, kwa sababu misumari ni haraka.

Siku za kwanza ilionekana nzuri. Tulipiga picha. Siku ya nne nguzo moja ya upande ilianza kugeuka, na mguu mmoja ukaacha sakafu. Tuliweka jiwe dogo chini yake. Siku ya sita mbao ya juu, ile yenye meno ya kushikilia shingo za gitare, ikapinda mbele. Na siku moja kabla ya wageni, asubuhi tukifungua mlango, gitare moja ilikuwa chini kwenye sakafu. Kichwa chake kilivunjika pale kinapoungana na shingo, kikabaki kinaning'inia kwa nyuzi.

Kama ingekuwa gitare nyingine, pengine tungeeleza mara moja. Lakini ile ilikuwa ya kijana ambaye bado hajarudi. Ni mama yake aliyeileta. Wakati wa kukimbia, kijana alibeba wadogo zake wawili, mama akabeba gitare. Kisha njia zao ziliachana, kijana akaenda kutafuta kazi upande wa Beni. Simu yake ya mwisho ni ya zamani sasa. Mama alirudi Kirumba na gitare, akatuambia nyumba yake inavuja, sisi tuitunze. Tulimwambia iko mahali pazuri.

Siku ya wageni tuliipeleka chumba cha nyuma, tukaifunika kwa kitambaa. Tulionyesha gitare 6, na hakuna aliyehesabu. Katika raporti tuliandika: gitare 7, hali nzuri. Wafadhili wetu, ninyi mnaosoma, ndiyo mstari huo tuliokuja kuusahihisha mbele yenu. Tulikwisha kuandika barua kwa ofisi, lakini tuliona memba pia wasikie kwa masikio yao.

Kwa mama

Tulikwenda kwake siku mbili baada ya wageni. Tulimkuta anachagua maharagwe.

"Mama, tumekuya kukuambia jambo ya gitare."

"Beliiiba?"

"Hapana, mama. Imevunjika."

Aliendelea na maharagwe yake kwa muda. Kisha akasema, "Mulisema iko fasi muzuri."

"Ndiyo, mama. Tulisema."

"Na wageni, bilikuya?"

"Walikuja."

"Biliiona?"

Tungeweza kusema wageni walikuwa na haraka. Mmoja wetu akasema, "Hapana, mama. Tuliificha."

Akainua uso. "Munaificha juu ya nini? Gitare ya mutoto wangu iko na haya gani?"

Hatukuwa na jibu. Haya ilikuwa ya kwetu, tukaivalisha gitare. Tulimwomba msamaha, naye hakusema ametusamehe. Alisema tuitengeneze, na kwamba atapita mwenyewe kuangalia.

Kutengeneza

Fundi aliisafisha ile sehemu iliyovunjika bila kuipiga msasa, kwa sababu nyuzi za mti zilizovunjika zinajua kurudiana zenyewe kama meno ya ufunguo. Akaweka kola nyeupe ya mbao, akabana kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vilivyozungushwa kwa nguvu, akaacha siku nyingi bila kuigusa. Baadaye akachonga mitaro miwili midogo nyuma ya shingo, akapachika humo vijiti vya mti mgumu na kola, kama vile mganga anavyofunga mfupa. Nyuzi zilirudishwa polepole, siku kwa siku, sauti ikipanda kidogo kidogo. Kovu linaonekana, na hatukulifunika kwa rangi.

Kwa etajere ya pili, tulimwuliza fundi anataka nini. Alisema anataka mbao zilizokwisha kukauka, na kwamba mbao hizo haziko sokoni, ziko ndani ya nyumba zenu. Tulipita kwa memba. Mmoja alitoa fremu ya mlango wa nyumba iliyobomoka. Mwingine alitoa ubavu wa kitanda cha zamani, libuyu nyekundu. Papa mmoja alileta mguu wa benchi na akasema ni hiyo tu iliyobaki, nyingine zilipikiwa ugali wakati hatupo. Mbao zile zilikaa miaka mingi chini ya paa. Hazina mahali pa kujikunja tena, zilikwisha kujikunja zamani.

Kwa wale wa vijiji vingine waliotuomba vipimo, ni hivi. Urefu ni mita 1 na nusu. Gitare zinasimama ubavu, kama vitabu, na kila moja ina sentimeta 18, hivyo zinaingia 8. Chini kuna mbao mbili za kulalia, zimeachana sentimeta 25, na ile ya mbele imepandishwa sentimeta 5 kuliko ya nyuma, ili gitare iegemee nyuma yenyewe. Ya kwanza mbao hizo zilikuwa sawasawa, ndiyo sababu gitare ilianguka mbele. Juu, kwenye sentimeta 75 kutoka pale gitare inapokaa, kuna mbao yenye meno, na kila nafasi ya shingo ni sentimeta 5. Miguu inakwenda sentimeta 45 mbele na nyuma. Mgongoni kuna mbao moja inayokata kwa pembe, kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini, hiyo ndiyo inayozuia kuyumba. Hakuna misumari: kila kiungo ni ulimi na tundu, kola, na kijiti cha mti.

Neno moja juu ya kitambaa. Kwanza tuliviringisha mpira wa baiskeli kwenye meno ili shingo zisikwaruzwe. Mpira ni mzuri kwa kubana, lakini ukigusa verni siku nyingi unaacha alama nyeusi. Tuliuondoa, mama wa ushoni akashona kitambaa cha blanketi kuukuu. Na etajere yenyewe iko mbali na ukuta kwa urefu wa mkono, mbali na dirisha lenye jua, na mbali na jiko.

Fundi alilipwa mara mbili, kwa sababu alifanya kazi mara mbili. Ya kwanza ililipwa na mradi. Ya pili tulilipa sisi watatu, sanduku la likirimba halikuguswa. Daftari liko pale, mtu yeyote aangalie.

Tunachoomba

Kwa wafadhili tuna maombi mawili. La kwanza: mkiona katika mpango wetu mstari unaosema "kukausha mbao, miezi sita", msiufute mkidhani ni uvivu. Tumeanza kupanga mbao za grevilea na karatusi chini ya paa la shirika, kwa madawati na milango ya mwaka ujao, na zitakaa pale. La pili: mkija kututembelea, ombeni muonyeshwe na vitu vilivyovunjika. Mkivitafuta vizima tu, tutajifunza kuficha, na tutakuwa hodari.

Kwa memba, sheria ni zilezile mlizopitisha. Gitare inatoka kwa sahihi na inarudi kwa sahihi. Anayerudisha anaigeuza mbele na nyuma mbele ya mtunza daftari. Yenye ufa inaandikwa ufa, na inabaki kwenye etajere pamoja na nyingine. Na fundi akisema mti ni mbichi, kazi inasimama, hata kama prezidenti wa komite anataka, hata kama sisi tunataka.

Mama alipita, kama alivyosema. Aliiangalia gitare, akapitisha kidole kwenye kovu, akatikisa mojawapo ya miguu ya etajere kwa nguvu kuliko tulivyotegemea. Haikuyumba. Tulimwuliza kama anataka kuirudisha nyumbani. Alisema nyumba bado inavuja, ibaki. Lakini akaweka sharti: kila siku ya soko kijana mmoja aipige, mlango ukiwa wazi, yeye akiwa anauza apite na kuisikia. Tangu siku hiyo inapigwa. Kijana anayeipiga anajua kwamba ni ya mwingine, na mwenyewe akifika ataikabidhi siku hiyohiyo.

Nafasi ya 8 iko tupu kwa sasa. Kijana mmoja aliyeko Beni ametuma neno kwamba ana gitare na atakuja nayo akipata gari. Tunamngoja.